Huntha na Rejista ya Taifa: Historia Iliyopitia Thika na Ruiru

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, makarani wa sensa walianza kubisha milango ya vyumba vya kupanga vya Ruiru na ya nyumba za mashambani kuzunguka Thika. Tabuleti walizobeba zilikuwa na jibu ambalo halikuwahi kuwekwa katika sensa ya nchi yoyote ya Afrika. Palipoulizwa jinsia, baada ya mume na mke palikuwa na nafasi ya tatu, ya huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu. Matokeo yalipotolewa, Kenya yenye watu 47,564,296 ilikuwa imehesabu huntha 1,524. Kaunti ya Kiambu, ambayo Thika na Ruiru zimo ndani yake, ilikuwa na 135 kati ya wakazi 2,417,735. Ni Nairobi pekee, yenye 245, iliyoizidi.

Nafasi hiyo ya tatu haikuja kwa hisani ya mtu. Iliwagharimu watu waliovuliwa nguo mbele ya wenzao, wazazi waliorudishwa nyumbani bila cheti cha mtoto, na watoto waliopasuliwa kabla ya kujua kusema. Sayansi nayo ilikuwa na safari yake ndefu. Ilichukua miongo mingi kukubali kwamba mwili wa binadamu hauishii daima katika moja ya hali mbili, na kwamba mtu mmoja anaweza kujengwa na chembe zilizotoka kwa mimba mbili. Safari hizo mbili, ya sheria na ya maabara, zilikwenda mbalimbali kwa muda mrefu kabla ya kukutana mahakamani Nairobi.

Kabla ya karatasi

Katika nchi ya Wakikuyu, jinsia ya mtoto ilitangazwa kabla hajanyonya. Wanawake waliomsaidia mama kujifungua walipiga vigelegele, ngemi, vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana, na waliokuwa mbali wakajua aliyezaliwa. Jina lilifuata mkondo huohuo: mwana wa kwanza alirithi jina la babu mzaa baba, binti wa kwanza la nyanya mzaa baba. Baadaye ilikuja tohara, na kwa tohara mtu aliingia katika riika lake, kundi la wenzake wa rika ambalo angetembea nalo hadi uzee. Kwa hiyo mtoto ambaye maumbile yake hayakueleweka alimweka mkunga katika shida tangu dakika ya kwanza, maana hata idadi ya vigelegele ilitegemea jibu.

Jamii nyingi za Afrika Mashariki zilikutana na swali hilo, na majibu yao hayakufanana. Mwanaanthropolojia Robert Edgerton, aliyeishi na Wapokoti mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika mwaka 1964 kwamba walikuwa na jina la mtu wa namna hiyo, sererr. Baadhi waliuawa wakiwa wachanga. Wengine waliachwa wakue, wakachunga, wakalima, wakajipatia mali kwa bidii yao. Lakini kwa kuwa hawakuweza kutahiriwa kama wanaume wala kama wanawake, hawakuhesabiwa kuwa watu wazima kamili. Nyanza pia kulikuwa na mauaji. Mwaka 2017 wakunga wa jadi wa eneo hilo walilieleza shirika la habari la BBC jinsi watoto kama hao walivyokuwa wakiuawa kimyakimya, na jinsi walivyoacha desturi hiyo.

Pwani ilikuwa na njia yake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Mombasa, Lamu na Unguja, walikuwa na masuala ya huntha vitabuni mwao karne nyingi kabla ya mkoloni kufika. Walitazama mkojo unatokea wapi, kisha dalili za kubaleghe. Akibaki bila kubainika, huyo aliitwa huntha mushkil, na katika mirathi alipewa fungu dogo ambalo halina shaka, kinachobaki kikazuiliwa hadi hali yake ibainike. Kanuni hiyo haikumpa usawa. Hata hivyo ilikiri kwamba yupo, na ikamwekea fungu. Serikali iliyokuja bara baadaye haikufanya hata hilo.

1913–1978: Kipande, cheti na kitambulisho

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Mashamba ya walowezi ya mkonge na kahawa yalienea kutoka Ruiru hadi Mto Chania na kuendelea, yakihitaji vibarua wengi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wanawake hawakubeba. Hivyo, katika mashamba ya Thika, jinsia iligeuka kuwa jambo la polisi: ndiyo iliyoamua nani asimamishwe barabarani na nani aachwe apite.

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1928, lakini Waafrika walianza kulazimishwa kuandikisha watoto wao mwaka 1963, wilaya baada ya wilaya, hadi nchi nzima ikafikiwa mwaka 1971. Fomu ilikuwa na safu ya jinsia, na karani alitarajia kuiona imejazwa neno moja kati ya mawili. Mwaka 1978 wanawake nao wakaanza kupewa vitambulisho vya taifa. Tangu hapo kila Mkenya mtu mzima alihitaji karatasi inayotaja jinsia yake ili kufungua akaunti ya benki, kupiga kura, kupata kazi au kufanya mtihani wa taifa kwa jina lake.

Hapo ndipo siri za zamani zilipofichuka. Mtoto aliyelelewa kama msichana, kisha sauti ikawa nzito na ndevu zikaota akiwa darasa la saba, zamani angeweza kuhamia kwa shangazi wa mbali na kuanza upya. Sasa jina lake la kike lilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye rejista ya shule na kwenye cheti cha mtihani. Kadiri serikali ilivyomjua raia wake kwa karatasi, ndivyo huntha alivyozidi kufungiwa nje.

1916–2002: Ndama pacha na damu ya watu wawili

Wafugaji wa Kiambu wanaopeleka maziwa katika viwanda kama Brookside ya Ruiru wanalijua jambo moja vizuri: ng'ombe akizaa pacha, mmoja dume na mwingine jike, yule mtamba kwa kawaida hatashika mimba. Zaidi ya tisa kati ya kumi huwa tasa. Mwaka 1916 Frank Lillie wa Chicago alieleza sababu. Mishipa ya damu ya ndama hao wawili huungana ndani ya kondo, na homoni za dume humfikia jike na kuvuruga ukuaji wa viungo vyake vya uzazi.

Mwaka 1945, Ray Owen wa Wisconsin aligundua kwamba hawapeani homoni peke yake. Kila pacha alikuwa na chembe za damu za mwenzake, na chembe hizo ziliendelea kuzaliana mwilini mwake maisha yake yote bila mwili kuzikataa. Ugunduzi huo ndio uliowasaidia Peter Medawar na Macfarlane Burnet kueleza jinsi mwili unavyojifunza kukubali chembe za kigeni, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 1960 na kufungua njia ya kupandikiza figo na viungo vingine.

Binadamu wa kwanza kutambuliwa katika hali hiyo alipatikana Sheffield, Uingereza, na habari zake zikachapishwa mwaka 1953. Mwanamke alikwenda kutoa damu, na maabara ikakuta ndani yake damu ya kundi O na ya kundi A zikiwa pamoja. Wataalamu walimuuliza kama alikuwa pacha. Ndiyo, alijibu, nduguye wa kiume alifariki akiwa na umri wa miezi mitatu, robo karne nyuma. Damu ya nduguye ilikuwa bado inatengenezwa mwilini mwake. Wanasayansi walimwita kaimera, yaani kiumbe mmoja mwenye chembe za asili mbili tofauti.

Kuna njia nyingine inayokwenda mbali zaidi ya damu. Mayai mawili hutungishwa, kila moja na mbegu yake, na vijusi viwili vichanga vikaungana katika siku za kwanza kabisa. Anayezaliwa ni mtoto mmoja, lakini ini lake laweza kuwa na jeni tofauti na ngozi yake. Vijusi hivyo vikiwa vya jinsia moja, mtu huyo anaweza kuishi hadi uzee bila kujua. Kimoja kikiwa na kromosomu za kike, XX, na kingine za kiume, XY, matokeo hutegemea chembe zipi zilitawala mahali pa kujengea tezi za uzazi. Mwaka 1962 watafiti wa Seattle walieleza habari za mtoto aliyelelewa kama msichana, mwenye macho ya rangi mbili, ambaye upande mmoja alikuwa na ovari ya kawaida na upande mwingine tezi yenye tishu za ovari na za korodani pamoja. Alitokana na mbegu mbili. Mwaka 1998 madaktari wa Edinburgh walitoa taarifa ya mvulana aliyepatikana kwa utungishaji wa maabara, ambaye korodani yake upande mmoja haikushuka. Walipopasua wakakuta ovari na mrija wake.

Kaimera si kisa cha maabara za mbali tu. Mwaka 1979 ilionekana kwamba chembe za mtoto hupita na kuingia katika damu ya mama mjamzito, na mwaka 1996 watafiti wa Marekani walizikuta chembe za kiume kwa mama aliyejifungua mwana miaka 27 iliyotangulia. Kina mama wengi, wakiwemo wa Thika na Ruiru, wamebeba kiasi kidogo cha watoto wao ndani ya damu. Na mwaka 2002 madaktari wa Boston walieleza kisa cha mama aliyehitaji figo, ambaye vipimo vilidai kwamba wawili kati ya wanawe watatu hawakuwa wake. Aliwazaa mwenyewe. Ni damu yake iliyokuwa na jeni tofauti na za mayai yake. Mahakama zinazoamua kesi za uzazi kwa kipimo cha DNA pekee zinapaswa kukikumbuka kisa hicho.

1955–2006: Jeni, homoni na kisu

Lazima isemwe wazi: huntha wengi si kaimera, na kaimera wengi si huntha. Hali hizo mbili hukutana kwa watu wachache. Ili kuona wengine wanatoka wapi, tuanze ndani ya tumbo la mama.

Hadi wiki ya sita hivi ya mimba, kijusi hakina korodani wala ovari. Kina tezi mbili changa ambazo zinaweza kuwa ama hizi ama zile, na jozi mbili za mirija, ya kiume na ya kike. Ni mwishoni mwa mwaka 1955 tu ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakiwa Lund nchini Sweden, walipohesabu kwa usahihi kromosomu 46 za binadamu. Mwaka 1959 waligunduliwa wanaume wenye XXY na wanawake wenye X moja. Mwaka 1990 watafiti wa London walitambua jeni iliyo kwenye kromosomu Y, waliyoiita SRY, inayoamuru tezi changa ziwe korodani. Korodani zikishaundwa, homoni zake huikuza mirija ya kiume na kuiyeyusha ile ya kike.

Hatua hizo ni nyingi, na kila moja inaweza kuchukua mkondo mwingine. Mtoto mwenye XX anaweza kuwa na tezi za juu ya figo zinazotoa homoni za kiume kwa wingi, akazaliwa na maumbile yanayofanana na ya mvulana. Mwenye XY anaweza kuwa na mwili usiosikia homoni hizo kabisa, akakua msichana asiyepata hedhi. Mwingine mwenye XY hukosa kimeng'enya kimoja tu; huzaliwa akionekana msichana, kisha anapobaleghe sauti inakuwa nzito na misuli inajitokeza. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1974 kutoka kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika, na ni moja ya hali zinazoweza kuwa nyuma ya visa vingi vya Kenya vya msichana wa shule kugeuka mvulana, visa ambavyo majirani waliviita uchawi au laana. Wengine wana tishu za ovari na za korodani kwa pamoja. Karibu hakuna aliye na viungo viwili kamili vinavyofanya kazi, kama watu wanavyodhani.

Wakati maabara zikijifunza hayo, vyumba vya upasuaji vilishika njia nyingine. Kuanzia mwaka 1955 John Money na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walifundisha kwamba mtoto akipewa jinsia mapema na mwili wake ukarekebishwa kufuatana nayo, ataikubali maisha yake yote. Mafundisho hayo yalienea duniani. Watoto walikatwa, na wazazi wakashauriwa kunyamaza. Wengi walikua na makovu, maumivu, utasa ambao haukuwa wa lazima, na jinsia waliyochaguliwa ambayo nafsi zao ziliikataa. Mwaka 1993 huntha wa Marekani waliunda chama na kuanza kusema hadharani. Mwaka 2006 yakachapishwa makubaliano ya wataalamu waliokutana Chicago, yakitaka upasuaji wa mapema uangaliwe kwa tahadhari kubwa, familia ielezwe ukweli, na mtoto ahudumiwe na timu ya wataalamu badala ya daktari mmoja mwenye kisu.

Kwa afya, jambo moja halingoji. Ile hali ya tezi za juu ya figo inaweza kumfanya mtoto mchanga apoteze chumvi na maji hadi akafa katika wiki chache za kwanza. Tiba yake ni dawa, na dawa hizo huokoa maisha. Mtoto akifichwa nyumbani kwa aibu, tiba haimfikii.

2005–2010: Mfungwa wa Kamiti

Gereza Kuu la Kamiti, ambamo Dedan Kimathi alinyongwa mwaka 1957, liko kilomita chache kutoka mji wa Ruiru. Humo ndimo alimoletwa mtu ambaye kesi yake imeandikwa kwa herufi R.M. Alizaliwa Ukambani na maumbile yasiyobainika, hakuwahi kupata cheti cha kuzaliwa, na mwaka 2005 alishtakiwa Kitui kwa wizi wa kutumia nguvu. Tangu rumande, wakuu walishindwa kuamua wamweke wapi. Alipohukumiwa kifo alipelekwa Kamiti, gereza la wanaume, akalala nao, akaoga nao, akavuliwa nguo na kupekuliwa mbele yao. Alidhihakiwa na kushikwashikwa.

Mwaka 2007 aliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, akitetewa na wakili John Chigiti. Aliomba mambo mawili: fidia kwa mateso, na kutambuliwa kwa huntha katika sheria. Uamuzi ulitolewa tarehe 2 Desemba 2010, miezi michache baada ya Wakenya kupata Katiba mpya. Majaji walikubali kwamba jinsi alivyotendewa gerezani ulikuwa unyama na udhalilishaji, wakampa shilingi 500,000. La pili walilikataa. Walisema neno jinsia katika Katiba ni la mume na mke, kwamba hakukuwa na ushahidi wa idadi ya huntha nchini wa kutosha kuwaona kama kundi, na kwamba jamii ya Kenya bado inashika maadili ya jadi na dini.

Hoja ya idadi ndiyo iliyouma zaidi. Serikali haikuwahi kuwahesabu, na kwa kuwa hawakuhesabiwa, mahakama haikuweza kuwaona. Hata hivyo, kushindwa huko kulionyesha wanaharakati mahali pa kupiga nyundo. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya watu walionyimwa uhuru, na kwa mara ya kwanza sheria ya Kenya ikawataja huntha na kumpa mfungwa wa hali hiyo haki ya kuchagua jinsia ya ofisa atakayempekua. Ruiru ndiko kilipo chuo cha kufundishia askari jela wa Kenya, kwa hiyo sheria iliyotokana na machungu ya Kamiti inapaswa kufundishwa Ruiru kabla ya kufika gereza lolote.

2009–2014: Alama ya kuuliza

Mei 2009, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mama alijifungua mtoto mwenye maumbile ya kiume na ya kike. Mhudumu alipofika kwenye safu ya jinsia ya hati za hospitali, aliandika alama ya kuuliza. Bila jinsia, cheti cha kuzaliwa hakikutolewa, na bila cheti mtoto huyo hakuwapo machoni mwa serikali.

Mama yake, pamoja na shirika la kutetea watoto la The Cradle, walikwenda mahakamani mwaka 2013, tena kupitia Chigiti. Katika kumbukumbu za mahakama mtoto anaitwa Mtoto A. Tarehe 5 Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliamua. Alisema huntha ni binadamu wenye haki zote za Katiba, na kwamba ukimya wa sheria hauwezi kuendelea. Akamwagiza Mwanasheria Mkuu, ndani ya siku 90, aieleze mahakama ni chombo kipi kitakusanya takwimu za watoto huntha, na hatua zilizofikiwa kuhusu sheria na mwongozo wa upasuaji. Uamuzi wa 2010 ulikuwa umesema huntha hawana idadi. Uamuzi wa 2014 uliitaka serikali ikaitafute.

2016–2019: Bunge, jopokazi, sensa

Mwaka 2016 Isaac Mwaura, wakati huo mbunge mteule aliyejulikana kwa kutetea watu wenye ualbino, aliwasilisha bungeni ombi la kutaka huntha watambuliwe. Mwaka uliofuata aliwania tikiti ya Jubilee katika eneo bunge la Ruiru bila kufaulu, kisha akateuliwa kuwa seneta. Mei 2017 Mwanasheria Mkuu Githu Muigai aliunda jopokazi chini ya uenyekiti wa Mbage Ng'ang'a. Lilizunguka nchini, likasikiliza huntha, wazazi, madaktari, viongozi wa dini na wakunga, na ripoti yake ikakamilika Desemba 2018. Ilipendekeza herufi ya tatu katika vyeti, kusitishwa kwa upasuaji usio wa lazima kwa watoto, na kuhesabiwa katika sensa. Miezi minane baadaye makarani walikuwa mlangoni.

Idadi ya 1,524 inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Anne Fausto-Sterling na wenzake walikadiria mwaka 2000 kwamba asilimia 1.7 ya watu wana tofauti ya namna fulani. Leonard Sax alibana maana mwaka 2002, akahesabu tu wale ambao maumbile yao hayabainiki au yanapingana na kromosomu, akapata asilimia 0.018. Tukichukua makadirio hayo madogo kabisa, Kenya ingekuwa na watu wapatao 8,500 na Kiambu zaidi ya 430. Sensa ilipata Mkenya mmoja katika kila 31,000. Wengine hawajijui, maana hali yao iko ndani ya mwili. Na karani alimuuliza mkuu wa kaya, mara nyingi watoto na wapangaji wakisikiliza. Katika mji kama Ruiru, ambao kaunti ndogo yake ilihesabiwa kuwa na watu 371,111, wengi wao wakipakana ukuta kwa ukuta, kulijibu swali hilo kwa sauti kulitaka ujasiri mkubwa.

2022 hadi sasa

Julai 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Watoto. Ndiyo iliyobeba matunda ya miaka kumi na mitano ya kesi na maombi. Inamtambua mtoto huntha kwa jina. Inataka atendewe kwa heshima, apate matibabu, elimu na malezi yanayomfaa, na aandikishwe ipasavyo anapozaliwa. Inakataza kumfanyia upasuaji wa kubadili viungo bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Machi 2023 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio la kuwalinda huntha barani, na Aprili 2024 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likapitisha la kwanza la aina yake kwa kura 24, bila hata moja ya kupinga, nchi 23 zikijizuia. Kenya ilikuwa imetangulia.

Lakini sheria iliyoandikwa Nairobi huishi au hufa katika wodi ya uzazi ya Hospitali ya Thika Level 5, katika zahanati za Ruiru, katika ofisi ya chifu na katika bweni la shule. Daktari bingwa wa jenetiki si mtu wa kupatikana kila hospitali. Watu wazima ambao vyeti vyao vinasema jinsia isiyo yao bado wanahitaji njia fupi na ya heshima ya kuvirekebisha. Mtoto wa shule bado anahitaji choo chenye mlango unaofungika.

Kwa hiyo, msomaji wa Thika, wa Ruiru na wa kwingineko: mtoto akizaliwa katika familia yako na mkunga akasita kusema ni mvulana au ni msichana, usimfiche na usikimbilie kisu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo ili chumvi ya mwili wake ipimwe na maisha yake yaokolewe. Mwandikishe. Mpe jina na umpende nalo. Mwalimu, usiruhusu achekwe. Mchungaji na imamu, mtajeni mimbarini kuwa ni kiumbe wa Mungu. Na sensa ijayo ikifika mlangoni, tusaidieni nyote ili anayetaka kujitaja aweze kujitaja bila hofu.